Doa Nililoliita Kichuguu

Msimbu, Ijumaa jioni

Mwanangu Zuhura,

Naanza na salamu, na wote nitawataja, maana nikimruka mmoja nyumba hii haitalalika. Baba yako anakusalimu sana. Ninavyoandika yuko nje anafunga begi lako kwa kamba ya katani, ingawa umemwambia lina zipu. Anasema zipu ni ya kutembelea, kamba ndiyo ya safari. Bibi yako anakusalimu. Anasema shikamoo yako ya leo asubuhi aliisikia, hakuitikia makusudi, marahaba yako ameiweka na utaikuta siku ukirudi. Shabani mdogo wako anakusalimu. Anajifanya hana habari na kuondoka kwako, lakini tangu juzi hajaenda mpirani. Shangazi yako aliyekuja toka Mlandizi yuko jikoni anapika na kulia, ukimuuliza anasema vitunguu. Mama Tatu wa jirani anakusalimu, na mbuzi wako yule mwenye pembe moja amekula nusu ya ua tulioujenga, kwa hiyo na yeye ni mzima. Na mimi mama yako ni mzima wa mwili. Moyo ndio sijui niuandikeje.

Wewe umekwenda kuaga nyumba za huko juu kabla ya safari yako ya ng'ambo, na najua watakukalisha mpaka giza. Nimepata nafasi. Mwandiko wangu unaujua, ni wa mtu aliyeachia shule njiani, lakini utausoma. Barua hii naiweka ndani ya mfuko wa kompyuta yako. Ningeitia kwenye nguo ungeikuta mwezi ujao. Kompyuta utaifungua kesho hiyo hiyo ukifika mjini, na mimi nataka uisome kabla ya Jumatatu.

Sitakuandikia habari za kula wala za kuvaa sweta. Hizo shangazi yako amezisema mpaka sauti imemkauka. Nataka kukuandikia habari ya ile picha.

Wiki iliyopita ulipotandika mkeka barazani ukatuita tuje tuone mahame yetu, kule walikohama wazee, yalivyo kutoka juu, mimi nilidhani nitaona msitu. Nikaona ngozi. Wallahi, mwanangu, niliona ardhi kama ngozi ya mtu, na makovu yake. Ukatuonyesha maduara. Ukasema hapa palikuwa nyumba, udongo wa palipokaa watu una rangi yake, na mvua zikianza majani ya hapo yanatangulia mengine kuota. Ukatuonyesha peusi pa mavi ya chuma, yale mawe mazito ambayo sisi tulikuwa tunainjikia chungu, kumbe ni masalia ya watu waliofua chuma hapo zamani mno, kabla hata ya wazee wa bibi yako kuhamia. Ukatuonyesha na vitone vyeupe.

"Na hivi ni nini?" ukauliza.

Bibi yako macho yamekwisha, lakini ndiye aliyejibu. "Sahani."

Kwa kuwa kwetu mtu akizikwa, sahani yake au kikombe chake hutobolewa kikawekwa kichwani pa kaburi, asije akarudi nyumbani kukitafuta. Zimekaa pale tangu kabla watu hawajahamishiwa vijijini, na nyingine zimewekwa baadaye, maana watu walihama na nyumba zao lakini maiti waliendelea kurudishwa kwa wenzao. Bibi yako akawataja mmoja mmoja toka kwenye ule msufi kuja huku, na wewe ukawaandika juu ya picha. Mwinyimvua. Kondo. Bibi Mwashamba. Binti Salehe. Nilikuwa nakutazama vidole. Kila jina likiandikwa, mimi nasikia baridi shingoni.

Kisha ukasogeza picha mpaka ukingoni, upande wa njia, kule shimo la kuchimbia kifusi cha barabara linakokuja. Ukasema, "Na hili doa dogo, la duara, limeinuka kidogo?"

Bibi yako akavuta kanga usoni. Nikajibu mimi. "Hilo kichuguu."

Ukasema haya. Ukapitisha mstari wako mwekundu wa mpaka kwa ndani, na lile doa likabaki nje.

Nitalirudia doa hilo. Nivumilie, mama, mimi siwezi kufika mahali bila kupita njia yake.

Unamkumbuka yule bwana wa kofia ya pama? Ulikuwa darasa la tatu. Alikuja na pikipiki, akamletea bibi yako sukari na majani ya chai, akakaa hapa barazani akasikiliza hadithi zote bila kupiga miayo. Alisema anakusanya habari za wazee zisipotee. Nilimpenda. Baba yako alikuwa Ruvu kwenye vibarua, na mimi nilikuwa mke aliyetoka Magindu, miaka mingi hapa lakini bado naitwa mgeni wa Magindu kila nikikosea pishi la kisamvu. Nikataka kuonyesha kwamba na mimi ni mwenyeji. Alipouliza, "Mama, wazee wenu wamelala wapi?" nilijifunga kanga nikampeleka mwenyewe. Na wewe ulitufuata umeshika kidumu cha maji ya kunyunyizia.

Na nilimpeleka kwa adabu zote nilizofundishwa na bibi yako siku za uharusi wangu. Ukimwingiza mtu wa nje mahameni, humpitishi kama mbuzi. Unamtambulisha. Unasimama kila kaburi, unamwita mwenyewe kwa jina, unamwambia amekuja na nani. "Babu Mwinyimvua, huyu mgeni wetu, ni mtu wa heri, usimshtue." Unasogea. "Bibi Mwashamba, huyu mgeni wetu." Hivyo hivyo mpaka mwisho. Yule bwana akavua kofia. Akawa anarudia majina nyuma yangu taratibu, na mimi nikaona, maskini, mtu huyu ana heshima kuliko watoto wetu. Nikasimama hata penye makaburi ambayo ardhi ilishayalaza yakawa sawa na njia, ambayo hakuna macho yangeyajua. Nikayaita yakaitika. Nilimpa yote.

Wiki haikuisha. Mama Tatu ndiye aliyekwenda kuni akarudi mbio bila kuni.

Uliona kwa mbali tu, baba yako mdogo alikuzuia. Mimi niliingia. Mashimo yale yalikuwa na pembe nne, yamechimbwa vizuri kama ya mtu anayejenga choo. Walikuwa wanatafuta rupia za Mjerumani. Mtu aliwaambia, au walijiambia wenyewe, kwamba wazee wa huku walizikwa na fedha. Wamewatoa watu kwa ajili ya hela ambazo hata walipokuwa hai hawakuwa nazo! Sahani zimerushwa huko, vipande vya sanda vimenasa kwenye miiba. Watoto waliokuwa wakichunga walisema waliwasikia tangu jana yake na mashine inayolia pii, pii, pii, wakadhani ni watu wa maji wanapima bomba.

Na kila nilipokuwa nimesimama palikuwa na shimo. Kila niliyemwita.

Bibi yako alifika akiwa anashikwa mikono. Alizunguka pote, shimo kwa shimo. Halafu akaniambia maneno ambayo umeyasikia yakirudiwa hapa kijijini kama utani, watu wakicheka, na mimi nikicheka nao: "We Mwanaheri, umemkabidhi mgeni funguo za ahera." Watu wanadhani nimeyazoea. Sijayazoea.

Tuliwarudisha sisi wanawake na shehe. Sikujua mfupa upi ni wa nani. Mtu niliyemtambulisha kwa jina lake siku chache zilizopita, leo nashika mkono wake na simjui. Nikamfunika, nikaita majina yale yale toka mwanzo, safari hii naomba radhi. Tangu hapo, Zuhura, wakati mwingine wananijia. Si kwa hasira, bora wangekasirika. Wanakuja wamejipanga, kila mmoja na kikombe chake kilichotobolewa, wananiuliza kwa upole kabisa, "Yule mgeni wetu yuko wapi? Mbona hakurudi kuaga?" Na ule mlio wa pii pii haujaniachia. Simu yako ikiishiwa chaji ikalia, ulikuwa ukinicheka navyoruka. Sasa unajua nilikuwa naruka nini.

Kwa hiyo ulipomaliza kidato cha sita kule Kibaha ukarudi na habari kwamba unataka kusomea kazi ya kupiga picha mahame na magofu kwa droni na satelaiti, nilikutazama nikaona kofia ya pama kichwani mwako. Ndiyo maana nilikujibu vile. Nilikwambia, "Kama unataka kuchungulia makaburi, kachungulie ya ukoo mwingine." Nikakutaka uwe nesi. Ulikaa siku nyingi husemi na mimi ila "shikamoo" na "maji yako bafuni". Nilisema kwa hofu lakini wewe ulilipokea kama tusi, na halikuwa na namna nyingine ya kupokelewa. Baba yako alinisema, nikamwambia atapoa. Mtoto hapoi, anajifunga. Ilichukua muda mrefu ufunguke tena, na mwaka ule ulionipita bila hadithi zako za shule sitaupata popote.

Ukarudi toka masomoni na kile kidude chako cha droni na wenzako wawili. Mlikuwa mmetoka kukirusha upande wa Ruvu, sasa zamu ya kwetu. Nilikwenda mahameni kabla yenu. Kilipopanda kinavuma kama mzinga uliochokozwa, ndege wote wakanyamaza, na mimi nikajikuta nimeanza. "Babu Mwinyimvua, hiki ni cha mwanangu, Zuhura, mjukuu wako, usishtuke." Ukaja nyuma yangu, mikono yako imeshika kile kirimoti.

"Mama, unaongea na nani?"

"Na wenyewe."

"Wamesemaje?"

"Wamesema kishushe kidogo, kinawatia upepo."

Ulicheka, wenzako wakacheka. Kisha ukaacha kucheka. Ukakishusha kweli. Sijui kama uliniona navyofuta macho, nilikuwa nimegeukia kwenye miti.

Ndipo siku ile tulipobishana hapa barazani. Ulisema umewaona wenye malori wanavyokula kilima kwa ajili ya kifusi cha barabara, na wala si watu wabaya, wanachimba palipo wazi. Ulisema, "Mama, kisichokuwa kwenye ramani katapila halikioni." Nikakujibu, "Na kilichopo kwenye ramani mwizi anakiona." Hukunikatalia. Ukasema hilo hata nyinyi linawakosesha usingizi. Ukanieleza kwamba picha watu wataiona, lakini nambari za mahali hazitatoka. Zitakaa kwa watu wa mambo ya kale na kwa serikali ya kijiji, ili katapila lipewe mpaka na mwizi asipewe njia. Nilikusikiliza. Sikukwambia siku ile, nakwambia leo: nimekuamini. Sijaamini kila mtu atakayezishika nambari hizo. Nimekuamini wewe kwa sababu ulikishusha kile kidude.

Kama kuna neno nililookota katika miaka hii, ni dogo. Nilifundishwa kumtambulisha mgeni kwa maiti. Hakuna aliyenifundisha kumuuliza mgeni yeye ni nani kwanza. Nilidhani mtu anayevua kofia ameshajibu. Huko uendako utakutana na watu wenye hamu kubwa ya kuonyeshwa, wengine wema kabisa. Sikwambii uwafungie. Wapikie chai, ongea nao, waache wanywe wamalize, na kidole chako kikae kimekunjwa mpaka umejua wanarudi nyumbani kwa nani.

Sasa lile doa.

Unajua kwamba kabla yako nilizaa. Unajua ni mmoja, na kwamba alitangulia, hapo ndipo huwa nanyamaza na wewe hujawahi kunisukuma, Mungu akulipe. Alikuwa wa kiume. Hakufika siku ya saba, kwa hiyo hakupewa jina wala hakunyolewa. Mtoto wa siku zile hazikwi katikati na wazee. Alilazwa ukingoni, upande wa njia, ili mama akipita asiende mbali. Sahani hakuwa nayo, angekula nini? Kwa hiyo hana kitone cheupe. Alikuwa na udongo tu, na udongo wa mtoto ni kidogo, mvua mbili unaisha. Nikawa kila nikipita naongeza konzi moja ya udongo. Nikienda kuni, konzi. Nikitoka shambani, konzi. Nimefanya hivyo toka nikiwa msichana mpaka nimekuwa mzee, na sikujua kama kimekua kiasi hicho mpaka ulipokiona wewe toka juu.

Siku ile ya yule bwana, tulipofika hapo nilimpita. Sikuwa na jina la kumwita, basi nitamtambulishaje? Nilipita na mgeni wangu kama hapana mtu. Na asubuhi ile ya mashimo, mwanangu, wote walifukuliwa ila yeye. Nilisimama juu yake nikaona udongo wangu haujaguswa, hauna hata alama ya kidole. Nilimshukuru Mungu na hapo hapo nikaona haya kwa wengine. Likaniingia kichwani, likakaa: niliyemtaja amechimbwa, nisiyemtaja amesalimika. Sikumtaja kwa bibi yako, sikumtaja kwa baba yako hata siku tukiwa wawili. Ulipouliza ni nini, mdomo ukakimbilia kichuguu kabla mimi sijafika.

Ukapitisha mstari. Nikapumua. Halafu Jumatano nikaenda na konzi yangu.

Lori lilikuwa limesimama karibu mno. Ukingo wa shimo umefika kwenye ile minyaa. Kijana wa katapila alikuwa anakula muhogo, akanisalimia vizuri, "Shikamoo mama." Nikamwambia marahaba. Nikamuuliza, "Mnaishia wapi huku?" Akanionyesha kwa muhogo wake. "Tumeambiwa kuna watu wa ramani wanakuja kuweka mpaka hapo ndani. Nje ya mpaka ni petu." Akaangalia nilipokuwa nimesimama. "Hicho kichuguu tutakisawazisha tu mama, usijali, hatutakuachia nyoka."

Alikuwa ananifanyia wema.

Nilirudi nikakaa na bibi yako kupepeta mchele. Tulipepeta weee mpaka nikadhani kasinzia. Ndipo akasema, uso kaugeuzia ukutani, "Kichuguu hakina mama, Mwanaheri." Basi. Hakuongeza. Miaka yote alikuwa anajua nilikokuwa napeleka konzi zangu.

Nimejaribu kukwambia kwa mdomo tangu juzi. Jana ulipokuwa unasukwa nilianza, shangazi yako akaingia na sufuria. Leo asubuhi nilifika mpaka mlangoni kwako, nikakusikia unapiga mluzi unapanga vitu, nikarudi. Si shangazi wala mluzi. Ninaogopa nikilisema kwa sauti litasikika mahali. Karatasi haina sauti. Wewe utalisoma kwa macho, na macho yako nimeyaona yanavyofanya kazi.

Umesema Jumatatu unakabidhi ramani, na ikishakabidhiwa wewe utakuwa ndani ya ndege, na mstari utabaki ulipo. Naomba uusogeze. Uutoe nje kidogo upande wa njia, upite kwa nyuma ya lile doa, kati yake na shimo. Na usiandike kichuguu. Alizaliwa Alhamisi, na baba yako alikuwa amekwisha kuchagua, alikuwa anasubiri siku ya saba tu ndiyo alitaje. Andika Hamisi. Ndilo jina lake, na ni mara ya kwanza linaandikwa, kwa hiyo kama nimekosea herufi wewe utalirekebisha.

Usilie huko kwa watu. Au lia, sijui. Mimi nilikuwa nafikiri nikikuandikia nitakuwa mwepesi, na bado. Nasikia hatua zako na za Shabani huko njiani, mnabishana kuhusu mpira, nakunja karatasi.

Ukishauvuta ule mstari, usingoje kufika huko ng'ambo. Nitumie neno Jumatatu hiyo hiyo kwa simu ya baba yako, hata kama ni moja tu, niandikie "ndani". Nitakuwa nimekaa pale ukingoni na konzi yangu, nikimzungumzisha kijana wa katapila habari za muhogo, nikisubiri.

Mimi mama yenu watatu,
Mwanaheri